Pointi za Wawili

Jumatano, 4 Machi

Mvua imeanza kabla sijamaliza kuanua. Mashuka ya nyumba ya wageni yote yalikuwa kambani nyuma ya duka, yamebakiza kidogo tu kukauka, na wingu halikutoa hata taarifa. Tulikimbia mimi na Bi Pasi, yeye na magoti yake mabovu, mimi na matusi yangu mdomoni, na tulipomaliza tukawa tumelowa sisi na mashuka pia. Bi Pasi ndiye anayenipigia pasi tangu nilipofungua duka hili la udobi. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akasema masika ndiyo hayo yamebisha hodi. Nikamwambia hayakubisha, yamevunja mlango.

Nimeamua kuandika kwa sababu nikisema nagombana na mume wangu, na nikinyamaza tumbo linanijaa gesi. Leo benki imetuma ujumbe. Ada ya mwaka ya kadi ya safari itakatwa tarehe thelathini na moja Mei. Asiyetaka kuendelea aifunge kabla ya siku hiyo, na pointi ambazo hazijatumika zitapotea pamoja na kadi. Mume wangu aliusoma ujumbe huo kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mapenzi. Akasema mwaka huu zinatosha wawili. Mwaka huu ni wa saba kusema hivyo.

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, anajifungua katikati ya Mei. Yuko ng'ambo, mwendo wa ndege mbili. Nataka niwe pale. Sitaki kingine chochote mwaka huu, hata mvua ikitaka inyeshe mpaka Desemba.

Alhamisi, 5 Machi

Mashuka yananuka uvundo. Nimeyafua upya.

Jumanne, 10 Machi

Ngoja niieleze hii kadi, maana hata mimi nikijisikiliza nikiilalamikia naona kama nimerukwa na akili. Ni kadi ya mkopo. Ukinunua kitu, benki inakulipia, mwisho wa mwezi unairudishia, na kwa kila unachonunua unapata pointi. Pointi zikijaa unapewa tiketi ya ndege. Ndivyo inavyosemwa. Mume wangu ni fundi wa lifti. Nusu ya majengo marefu ya mji huu, lifti zake zimepita mikononi mwake, na watu wote wanamwita Fundi, mimi pia. Aliichukua kadi mwaka ule binti yetu alipoondoka kwenda kusoma. Alisema tutamfuata kumsalimia kabla mwaka haujaisha.

Tangu hapo hatununui kitu kama watu wengine. Sabuni ya dobi, kadi. Dawa ya meno, kadi. Sokoni kwenye nyanya hakuna mashine ya kadi, basi nyanya zetu zikahamia duka kubwa, bei mara mbili, kwa ajili ya pointi. Wifi yangu alipotaka kununua friji, Fundi alimwambia lete pesa taslimu nikulipie kwa kadi. Jirani alipomwoza mtoto wake, viti na maturubai vilikodiwa kwa kadi ya Fundi. Siku moja nilimkuta duka la dawa akimwomba mgonjwa asiyemjua amruhusu amlipie. Mgonjwa alimwita mlinzi.

Na kila mwaka zikikaribia kuna jambo. Zinatosha mmoja, tungoje ziwe za wawili. Zimekuwa za wawili, lakini huu ni msimu wa wasafiri wengi, tungoje bei ishuke. Bei imeshuka, shirika la ndege limebadilisha jedwali lake la pointi, hazitoshi tena. Ukimuuliza anakujibu haba na haba hujaza kibaba. Nimemwambia kibaba chetu kimetoboka.

Jumamosi, 14 Machi

Mvua. Nimetandaza kamba ndani ya duka. Wateja wanapita chini ya suruali za wenzao na kuniangalia vibaya.

Alhamisi, 19 Machi

Mashine ya kukaushia imekufa. Fundi ameifungua, akasema mkanda umekatika. Ameagiza mwingine. Kwa kadi.

Jumatatu, 23 Machi

Binti yetu amepiga simu tukiwa tunakunywa chai. Presha imempanda. Daktari amemwambia alale, asisimame isipokuwa kwa jambo la lazima. Mkwe wetu ni baharia wa meli za mizigo, yuko majini na hatarudi mpaka Julai. Kuna jirani anayemletea mkate na maziwa, basi.

"Mama," aliniuliza, "mnakuja kweli, au nitafute mtu wa kulipwa?"

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayepanga mambo yake, na hilo ndilo lililoniuma. Nilimwambia tunakuja. Upande wa pili wa meza Fundi akaongeza kwa sauti ndogo kwamba zikitosha. Nilimtazama mpaka akainamisha macho kwenye kikombe. Mtoto wa kwanza, presha juu, mume yuko baharini, na baba mtu anasema zikitosha. Chai sikuimaliza.

Jumatatu, 30 Machi

Nimepiga simu benki mwenyewe. Muziki wao ni wimbo mmoja unaokatika katikati na kuanza tena. Bi Pasi alimaliza mashati ya ofisi nzima kabla mtu hajapokea. Mhudumu alikuwa na sauti tamu. Akaniuliza jina, akaniuliza namba ya kadi, nikamtajia. Akasema kadi hii si yangu. Nikamwambia ni ya mume wangu, na sabuni iliyozaa hizo pointi ni yangu. Akasema ananielewa kabisa, ila mwenye kadi apige mwenyewe. Nikamwomba basi aniambie tu kama zinatosha tiketi moja. Akasema ananielewa kabisa. Nikakata simu. Sijawahi kueleweka kiasi hicho na nisisaidiwe.

Alhamisi, 2 Aprili

Fundi amepiga simu benki, baada ya mimi kumganda siku tatu. Alitoka barazani kuzungumza, mvua ikimpiga miguuni, akarudi na uso wa ushindi. Zinatosha tiketi ya kwenda na kurudi ya mtu mmoja, na robo tatu ya tiketi ya mwingine. Tukilipa ada ya mwaka tunapewa pointi za zawadi, na Juni zitakuwa za wawili.

Nikamwambia mtoto anazaliwa Mei. Akasema watoto wa kwanza huchelewa. Nilikuwa na pasi mkononi na shati la mtu mezani, na niliikandamiza mpaka shati likatoka alama. Shati hilo nitalilipa mimi, na si kwa kadi.

Alhamisi, 9 Aprili

Jumapili nilimuuliza Fundi jambo ambalo sikuwahi kufikiria kuliuliza: pasipoti yake iko wapi. Yangu ninayo, na viza niliipata Februari, nilijipangia foleni mwenyewe. Yake imekwisha muda. Tena haikuisha jana, huu ni mwaka wa tatu.

Akasema ataishughulikia. Jumatatu alikwenda uhamiaji akarudi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Jumatano akarudi kwa sababu mtandao ulikuwa chini. Leo amerudi kwa sababu picha zimelowa. Mwanamume anayeweza kushinda kutwa akiipandisha na kuishusha lifti moja ili ausikie msuguano ambao mwenye jengo hausikii, leo foleni imemshinda. Simuelewi. Nimeandika, nimesoma nilichoandika, na bado simuelewi.

Jumanne, 14 Aprili

Shirika la ndege limetangaza. Kuanzia Mei mosi, tiketi za pointi zinapanda kwa nusu nzima. Hesabu ya wawili imekufa, hata tukilipa ada, hata wakitupa zawadi, labda tungoje miaka mingine mitatu. Mwisho wa kukata tiketi kwa kiwango cha zamani ni Aprili thelathini.

Nilimsomea Bi Pasi tangazo hilo na machozi yakanitoka juu ya mashuka ya watu. Bi Pasi hakusimamisha pasi.

"Kwani lazima muende wawili?" akauliza.

Nilimkasirikia. Nilimwambia aangalie kola zake. Mtu ameachika mara mbili, ananifundisha mimi ndoa. Sikusema naye mpaka tunafunga duka, na hapo nilimwambia kwaheri tu.

Jumatano, 15 Aprili

Lakini kweli. Kwani lazima?

Ijumaa, 17 Aprili

Nimemwambia Fundi nitakwenda peke yangu. Akasema sawa. Halafu akasema tungoje kidogo, ndege za masika zinarushwarushwa na mawingu. Halafu akasema atatazama. Halafu akaondoka kwenda kwa dada yake, ambako hakuwa na shughuli yoyote. Baadaye wifi akanipigia simu kuniuliza nimemfanya nini kaka yake, maana amefika bila hata salamu ya maana na sasa anakaza bawaba za milango yote ya nyumba.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga. La kwangu limeshauma vya kutosha.

Jumanne, 21 Aprili

Leo nitaandika yote, hata mkono uchoke.

Mvua iliingia kwenye shimo la lifti la jengo la bima, na Fundi alikuwa huko tangu asubuhi. Saa sita akanipigia nimpelekee nguo kavu. Nikatia kwenye mfuko suruali nzito, soksi na kipande cha mkate, nikaenda, nikapanda ngazi, kwa sababu lifti ndiyo hiyo imekufa. Nilipofika ghorofa ya tisa nilikuwa nahema hata sikumbuki kilichonileta. Mlinzi akanionyesha mlango wa lifti uliokuwa wazi, umezungushiwa utepe. Nikachungulia.

Mume wangu alikuwa amesimama juu ya paa la lifti, ndani ya shimo, taa kichwani. Chini yake ghorofa tisa za giza. Mkono mmoja ameshika waya wa chuma, mwingine una spana, na anapiga mluzi. Mimi nilishika ukuta. Aliponiona akasema nisubiri, anamalizia nati moja.

Alipotoka akabadilisha nguo nyuma ya mlango, tukakaa kwenye ngazi, akaanza kula mkate. Sikuwa nimepanga kuuliza chochote. Nilikuwa natazama viatu vyake vilivyojaa tope, na nikayafikiria mambo ya foleni, na picha, na mawingu, na bawaba za wifi, nikasikia sauti yangu inasema, "Fundi, wewe hutaki kupanda ndege."

Nilidhani atacheka. Alitafuna, akameza, akakifunga kipande kilichobaki kwenye karatasi yake.

"Humo ndani," akasema, akielekeza kidole shimoni, "kila nati naijua. Nimezikaza mwenyewe. Za ndege sijui kazikaza nani."

Basi ndipo yakatoka. Siku ile tuliyompeleka binti yetu uwanja wa ndege, alitushusha mlangoni akasema anakwenda kutafuta pa kuegesha gari. Hatukumuona tena. Mtoto aliniaga huku macho yake yanaangaza nyuma ya bega langu, na mimi nikawalaumu wenye maegesho mwaka mzima. Kumbe alikuwa ameshaegesha. Alikuwa nyuma ya gari anatapika, kwa sababu ndege ilipita chini chini juu yake, na mtoto wake alikuwa anakwenda kuingia kwenye kitu kama hicho. Wiki iliyofuata akachukua kadi. Alitumaini pointi zitachukua muda kujaa, na katika muda huo woga utamtoka. Haukumtoka. Kila zilipokaribia kujaa akatafuta sababu.

Hasira iliyonipanda haikuwa ya kuogopa kwake. Kila mtu ana lake, mimi nikiona mjusi naacha duka na wateja ndani. Hasira ilikuwa ya miaka saba. Mahafali ya mtoto tuliyatazama kwenye simu. Ndoa yake tuliitazama kwenye simu, picha ikiganda kila bwana harusi alipofungua mdomo. Nyanya za duka kubwa. Nilimwambia yote pale pale, na watu wa bima walikuwa wanashuka na mafaili yao wakituruka magoti. Nilimwambia kama siku ya kwanza angesema tu mke wangu naogopa, ningeshakwenda peke yangu na kurudi mara tatu.

"Najua," akasema. "Hilo ndilo la pili nililoliogopa."

Nikamuuliza la pili lipi.

"Upande kitu hicho, nami nibaki chini nakitazama. Mtoto alipanda, hakurudi."

 Nilizichukua nguo zake zilizolowa, nikashuka. Kufika ghorofa ya tatu hivi nikaanza kulia, nikalia mpaka mtaani, na kwa mvua ile hakuna aliyejua. Nimemhurumia, na bado nina hasira naye. Naiandika hasira hiyo ili kesho nisijidanganye kuwa imekwisha.

Jumatano, 22 Aprili

Hatusemeshani. Mkanda wa mashine umefika. Si saizi yake.

Jumamosi, 25 Aprili

Fundi amekuja dukani. Alisimama katikati ya suruali zinazoning'inia, Bi Pasi akajifanya anatafuta maji ya kunyunyizia. Akaniomba jina langu kama lilivyo kwenye pasipoti. Nikamwandikia kwenye kikaratasi cha risiti. Akakitia mfukoni akaondoka. Bi Pasi akarudi na kusema kumbe chupa ya maji ilikuwa imejaa.

Jumatatu, 27 Aprili

Jana mtandao wa benki ulikuwa chini. Leo umeamka, na una mambo mapya. Ukikata tiketi kwa pointi, wanatuma tarakimu za siri kwenye simu ya mwenye kadi, na simu ya mwenye kadi ilianguka kwenye maji ya lile shimo la lifti. Imewaka siku chache, leo imezima. Tumeizika kwenye mchele. Nimepiga simu benki kwa simu yangu. Mhudumu ananielewa kabisa.

Jumatano, 29 Aprili

Mchele haujasaidia, na laini yake haisomi hata kwenye simu nyingine. Benki wamesema lazima mwenye kadi aende tawini na kitambulisho, abadilishiwe namba, ndipo tiketi itoke. Kesho ndiyo mwisho. Fundi aliondoka asubuhi. Nilipita hapo tawini saa nne nikipeleka mashuka, nikaiona foleni imetoka nje ya mlango mpaka kwenye mvua, na nikajua atarudi. Maneno ya kumwambia nilikuwa nimeshayapanga, na yalikuwa makali kuliko ya kwenye ngazi.

Alirudi saa kumi na moja jioni, ameloa chapachapa. Akafungua vifungo viwili vya shati, akatoa karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa nailoni. Tiketi yangu. Ilikuwa kavu kabisa. Yale maneno yote ikabidi niyameze, nikamwambia avue shati nilifue.

Alhamisi, 30 Aprili

Nimempa sharti moja. Kadi ifungwe kabla ya siku ya ada. Zile pointi za robo tatu zilizobaki zipotee, sijali, nimechoka kutumwa na kadi kama mtumishi wake. Akasema sawa. Sawa yake naijua.

Jumatano, 6 Mei

Naandika nikiwa uwanja wa ndege, kwenye kiti cha chuma. Safari hii hakwenda kuegesha. Alibeba sanduku langu mpaka ndani, jasho linamtiririka na viyoyozi vinapuliza, na kila ndege iliponguruma alinishika kiwiko. Tulipoagana akanipa kadi yake. Huku ndani kuna chumba cha wenye kadi, chenye makochi na kahawa ya bure, na kwa miaka saba amenisimulia chumba hicho kama mtu aliyezaliwa humo. Akaniambia niingie nikae kama mtu.

Msichana wa mlangoni akaitazama kadi, akaitazama tiketi, akasema majina hayafanani. Anayeingia ni mwenye kadi, tena awe na tiketi. Mimi nina tiketi, kadi si yangu. Mwenye kadi yuko nje, hana tiketi. Nikamuuliza kama ananielewa. Akasema kabisa.

Basi kadi ya safari nimeitia kwenye pochi. Angalau yenyewe inasafiri.

Ijumaa, 8 Mei

Nimefika. Binti yangu alinifungulia mlango akiwa na tumbo hilo na miguu imevimba hata vidole havionekani, akanikumbatia upande upande kwa sababu mbele hapakuwa na nafasi. Nikaanza kumweleza kwa nini baba yake hakuja. Nilikuwa nimeipanga vizuri, kazi, mvua, lifti za watu.

"Mama, baba anaogopa ndege," akasema. "Nilipokuwa mdogo, ikipita juu ya nyumba alikuwa ananishika mkono. Nilidhani ananishikia mimi nisiogope."

Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema alidhani najua, si mimi ndiye mke. Nimelala na hilo mpaka asubuhi na linanikera mpaka sasa.

Jumatano, 13 Mei

Amelalamika kichwa. Nimemlaza, nimefunga mapazia.

Alhamisi, 14 Mei

Asubuhi alisema anaona vimulimuli mbele ya macho, halafu akaacha kunijibu. Nilikimbia kwa jirani na gauni la kulalia, nikampigia mlango kwa viganja vyote viwili, lugha yao siijui vizuri lakini alinielewa, na huyu alinielewa kweli. Gari la wagonjwa likaja. Walimpasua saa hiyo hiyo. Nilikaa kwenye kiti cha ukumbini nikiwa nimeshika kiatu chake kimoja, sijui kilifikaje mkononi mwangu.

Wote wawili wazima. Mtoto ni wa kike, mdogo, amekasirika kuliko mimi. Daktari aliniambia polepole ili nifahamu kwamba tumemuwahi, na angekuwa peke yake wangemkosa. Nikamshukuru. Kisha nikaenda chooni nikajifungia. Ningekuwa dukani. Ningekuwa dukani naanua mashuka, tukingoja Juni.

Nikampigia Fundi. Nilimwambia. Nilisikia anapumua tu, na nyuma yake mvua inapiga bati.

Jumatano, 20 Mei

Huku hakuna mvua. Nguo ikianikwa asubuhi, kabla ya chai ya pili imekauka. Nimeona wivu mpaka nimefua mapazia ya watu.

Jumapili, 31 Mei

Leo ndiyo siku ya ada. Nimempigia Fundi kumuuliza kama ameifunga ile kadi. Akaanza na mashine ya kukaushia, mkanda wenyewe umepatikana. Akaenda kwa Bi Pasi, hajambo, magoti tu. Akaenda kwa mvua, zinapungua. Nikamwacha azunguke mpaka akaishiwa na mitaa.

"Umeifunga?"

"Sijaifunga. Ada nimelipa, kwa pesa yangu."

Damu ilinipanda. Nilimrudisha mtoto kwa mama yake, nikaenda kusimama dirishani nikamwaga yote upya. Nilimwambia amenidanganya miaka saba na bado hajashiba. Nilimwambia mjukuu wake nusura amkose na mama yake kwa ajili ya kungoja pointi. Nilimwambia sitaki tena kusikia neno wawili katika nyumba ile. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo sikulizoea, na likanifanya nimalize mapema.

"Sikusanyi za wawili," akasema. "Ningeifunga, zile zilizobaki zingepotea. Nazitaka."

Nikamuuliza za nini, mimi si nimeshafika.

 Binti yangu kitandani alikuwa ameacha kunyonyesha, ananitazama.

"Pasipoti imetoka Ijumaa, kesho napanga foleni ya viza," akasema Fundi. "Nimepiga hesabu kwa jedwali lao jipya. Za kwenda zinatosha. Za kurudi ndizo zimepungua."

 Nilikuwa bado na maneno, tena mengi. Nikamwambia aje na hizo za kwenda, za kurudi tutazijulia huku huku.

Hakusema ndiyo na hakusema sawa. Nilimsikia akivuta kiti cha jikoni, kile kinacholia, na kukikalia. Akaniuliza ile ndege ya pili, ndogo, kama inapita juu ya maji. Nikamwambia inapita. Akauliza kwa muda gani. Nikavuta kiti na mimi, nikakaa, nikaanza kumweleza.